Haki ya Kuachwa Nyuma: Safari ya Roosevelt katika Mto wa Shaka na Swali la Uhai kama Amana

Miongoni mwa maswali yaliyowashughulisha wanateolojia na wanafalsafa kwa karne nyingi, lipo moja ambalo halijapata jawabu la kukubaliwa na wote: iwapo mtu aliyegeuka kuwa mzigo kwa wenzake, katika hali ambayo kuendelea kwake kuishi kunahatarisha uhai wao, ana haki ya kuchagua kufa ili wao waokoke. Swali hili si sawa na lile la kujiua kwa sababu ya huzuni au maumivu, kwa kuwa anayeliuliza hatafuti faraja yake mwenyewe. Wala si sawa na lile la shahidi anayeuawa kwa kukataa kuikana imani yake, kwa kuwa hapa hakuna adui aliyeshika upanga. Liko katikati ya hayo mawili, mahali ambapo kuwapenda wengine na kuitupa nafsi huweza kufanana mno kwa sura, na ndiyo maana linachunguzika vizuri zaidi kwa tukio lililotokea kuliko kwa mifano ya kubuni. Tukio hilo ni safari ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, katika mto uliojulikana kama Mto wa Shaka, ndani ya msitu wa mvua wa Brazili, mwaka 1914.

Roosevelt aliiongoza Marekani kuanzia mwaka 1901 hadi 1909, na mwaka 1912 akagombea tena kwa tiketi ya chama kipya cha Maendeleo, akashindwa na Woodrow Wilson. Mwaka uliofuata alikwenda Amerika ya Kusini kutoa mihadhara na kukusanya vielelezo vya ndege na wanyama kwa ajili ya Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Asili yaliyoko New York, na njia iliyopangwa hapo awali ilikuwa ya mito inayojulikana. Waziri wa Mambo ya Nje wa Brazili, Lauro Müller, ndiye aliyempendekezea mto mwingine, ambao chanzo chake kilikuwa kimefikiwa na Kanali Cândido Mariano da Silva Rondon mwaka 1909, lakini ambao hakuna mpima ramani aliyejua unapita wapi wala unamwaga maji yake katika mto gani. Henry Fairfield Osborn, aliyekuwa mkuu wa makumbusho hayo, alipopinga mabadiliko hayo kwa kuhofia usalama wa msafiri wake, Roosevelt alimjibu kwamba amekwisha kuishi na kufaidi maisha kuliko watu wengi anaowajua, na kwamba ikilazimu mifupa yake ibaki Amerika ya Kusini, yuko tayari. Jibu hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu aliyekwisha kuuhesabu uhai wake kuwa umetimia ameanza kuutoa hata kabla hatari haijamfikia. Lakini hesabu hiyo ni yake peke yake, na wale watakaopanda mitumbwi pamoja naye hawakushirikishwa katika kuifanya.

Kabla msafara haujafika mtoni, jambo dogo lilitokea ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Mmoja wa waanzilishi wa safari alikuwa Padri John Augustine Zahm wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, msomi aliyepata sifa na pia matatizo kwa kitabu chake cha mwaka 1896 kilichojaribu kupatanisha nadharia ya mageuzi ya viumbe na mafundisho ya Kanisa, kitabu ambacho mamlaka za Roma zilikipiga marufuku miaka miwili baadaye. Padri huyo, akiwa amechoshwa na safari ndefu ya nchi kavu, alipendekeza abebwe kwenye kiti mabegani mwa Wapareci, wenyeji wa nyanda hizo waliokuwa wakishirikiana na Rondon. Rondon alikataa, na Roosevelt akamwondoa padri katika msafara. Hivyo basi swali la nani anastahili kubebwa, na kwa mabega ya nani, liliulizwa na kujibiwa kwa ukali kabla mtumbwi wa kwanza haujatiwa majini, na aliyeunga mkono jibu hilo hakujua kwamba wiki chache baadaye litamrudia yeye.

Tarehe 27 Februari 1914 watu 22 walianza kuteremka mto kwa mitumbwi 7 ya magogo. Walikuwamo Roosevelt na mwanawe Kermit, mtaalamu wa ndege George Cherrie, Rondon na msaidizi wake Luteni João Lyra, daktari José Cajazeira, na wafanyakazi 16 ambao kwa Kireno waliitwa kamarada, yaani vibarua wa safari waliopiga makasia, kukata njia na kubeba mizigo. Mto ulikuwa na maporomoko mfululizo. Kila walipofika mahali ambapo maji yanaanguka kwenye miamba, ilibidi mizigo yote ishushwe na kubebwa kupitia msituni, na mitumbwi, ambayo kila mmoja ulikuwa gogo zima lililolowa maji, iburutwe juu ya miti iliyolazwa chini au iteremshwe kwa kamba kandokando ya jabali. Mitumbwi kadhaa ilipotea au kuvunjika, ikabidi kuchonga mingine, na kwa kila siku iliyotumika kuchonga chakula kilipungua. Tarehe 15 Machi mtumbwi wa Kermit ulivutwa na maji na kuporomoka, na kibarua aitwaye Simplício akazama asionekane tena.

Tarehe 27 Machi Roosevelt aliingia majini kusaidia kunasua mitumbwi iliyokwama kwenye mawe, akaumia mguu. Katika joto na unyevu wa msitu kidonda kiligeuka jipu, homa ya malaria ikapanda, na hatimaye Cajazeira akalazimika kulipasua jipu hilo kando ya mto bila dawa ya ganzi. Katika siku hizohizo msafara ulifika kwenye korongo ambalo Rondon aliona mitumbwi haiwezi kupita, akatoa rai kwamba iachwe na kila mtu atafute njia kwa miguu ndani ya msitu. Roosevelt hakuweza kutembea. Kwa miaka mingi alikuwa na desturi ya kuchukua safarini kichupa cha mofini, dawa ya kutuliza maumivu ambayo ikizidi huua, ili asije akafa kwa mateso ya muda mrefu pale ambapo hakuna msaada. Aliwaita Kermit na Cherrie akawaambia waendelee na safari na kumwacha hapo.

Ombi hilo linaweza kuzingatiwa kwa mizani zaidi ya moja. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alitoa sababu tatu za kukataza kujiua: kwamba kila kiumbe kwa asili hujipenda na kujihifadhi, kwamba mtu ni sehemu ya jamii na kwa hiyo anayejiua anaidhulumu jamii, na kwamba uhai ni zawadi ya Mungu ambaye ndiye pekee mwenye mamlaka ya kuutwaa. Katika Uislamu katazo limejengwa juu ya fikra iliyo jirani, ya kwamba nafsi ni amana aliyokabidhiwa mwanadamu wala si mali yake. Na hadithi iliyomo katika Sahihi ya al-Bukhari, inayomhusu mtu wa zama zilizopita aliyeshindwa kuvumilia jeraha lake akajikata mkono hadi damu ikamwishia, inagusa kwa karibu hali ya mgonjwa mwenye dawa ya mauti mfukoni. Immanuel Kant, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1797 kuhusu metafizikia ya maadili anamhesabu anayejiua kuwa amevunja wajibu kwa nafsi yake, anaweka hata hivyo orodha fupi ya maswali magumu: anamtaja mfalme mkuu aliyekuwa amefariki miaka michache nyuma, aliyebeba sumu vitani ili akitekwa asije akalazimishwa kukubali masharti yenye madhara kwa taifa lake, na anamtaja pia mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa akajiua kabla ya ugonjwa kumfanya awadhuru wengine. Kant hatoi hukumu. Anauliza tu, kisha anaendelea, na ukimya wa mtu aliyekuwa mkali kiasi hicho katika mambo mengine unaonyesha kwamba aliuona ugumu wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba kuachwa nyuma si kujiua, kwa kuwa anayeachwa hatendi jambo lolote. Maumbile ndiyo yatendayo. Émile Durkheim, katika uchunguzi wake wa mwaka 1897 juu ya kujiua, aliikataa tofauti hiyo kwa kutia ndani ya maana ya kujiua kila kifo kitokanacho na tendo au kutotenda kwa marehemu mwenyewe, mradi alijua matokeo yake. Maana hiyo inamfaa mwanasosholojia anayehesabu vifo, lakini haimtoshi anayepima maadili, kwa sababu inamweka anayemwachia mwenzake kipande cha mwisho cha chakula pamoja na anayejitupa kutoka juu ya jabali. Jambo linalotenganisha hali hizi ni nia. Anayebaki nyuma ili wenzake waende upesi anakusudia mwendo wao, na kama kwa muujiza angepona asingeona kuwa mpango wake umeharibika. Anayemeza mofini anakusudia kifo chenyewe. Roosevelt alikuwa amesimama hasa kwenye mpaka huo, akiwa na ombi ambalo wengi wangeliita tukufu na kichupa ambacho dini nyingi zingekikataza, na haijulikani wapi lingeishia la kwanza na kuanza la pili.

Mafaqihi nao walikwisha kulitazama jambo hili kutoka upande wa wale wanaobaki hai. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha misingi ya sheria kiitwacho al-Mustasfa, anatoa mfano wa watu waliomo chomboni kinachoelekea kuzama, ambao wangeokoka iwapo mmoja wao angetupwa baharini, na anaamua kwamba hawaruhusiwi kumtupa, kwa kuwa maslahi ya kundi hilo si maslahi ya umma mzima na mtu huyo hana kosa. Uamuzi huo unawafunga wenzake mgonjwa. Hauondoi swali la iwapo yeye mwenyewe anaweza kusema, niacheni. Lakini unaonyesha kwamba neno lake, hata likiwa la hiari, haliwapi wengine ruhusa ambayo hawakuwa nayo, na kwamba anayeomba kuachwa anawaomba wenzake watende jambo zito ambalo watabaki nalo maisha yao yote.

Hapo ndipo kukataa kwa Kermit kunapoleta hoja ambayo haimo katika vitabu hivyo. Kermit alikuwa kijana mhandisi aliyefanya kazi Brazili, na alikuwa ameahirisha harusi yake ili amfuate baba yake kwa sababu mama yake, Edith, alihofia mumewe asirudi. Hakujibishana na baba yake kuhusu uhalali wa kufa. Alidai kwamba mitumbwi inaweza kuteremshwa kwa kamba kupitia korongo, kisha akashirikiana na Lyra na vibarua, wakafanya hivyo kwa siku kadhaa huku wamesimama kwenye kingo za mwamba ulionyooka. Baadaye Roosevelt alieleza kwamba aliuacha uamuzi wake alipotambua kuwa mwanawe angemtoa msituni kwa vyovyote vile, awe hai au maiti, na kwamba maiti ingekuwa mzigo mkubwa zaidi. Hesabu yote ya kujitoa ilikuwa imejengwa juu ya dhana kwamba kifo huondoa uzito, kumbe uzito ule haukuwa wa mwili peke yake, na kwa Kermit kifo kisingeuondoa hata kidogo.

Jambo hili linarekebisha fundisho la amana bila kulivunja. Wanateolojia wanapofundisha kwamba uhai si mali ya mwenye kuuishi, kwa kawaida hutaja wenye haki wawili, Mungu na jamii. Kilichotokea korongoni kinamtaja wa tatu, naye ni mtu fulani mwenye jina, aliyefungamana na mgonjwa kwa ahadi na mapenzi kiasi kwamba hakuna hesabu ya manufaa itakayomfanya aondoke. Kwa Roosevelt kujitolea hakukuwa tena kufa. Kukawa ni kukubali kubebwa, jambo ambalo kwa mtu wa tabia yake, aliyejijenga tangu utotoni kwa kuupinga udhaifu wa mwili wake, lilikuwa gumu zaidi. Isidhaniwe kwamba fungamano la namna hii ni kinga isiyoshindwa. Kermit mwenyewe alijiua mwaka 1943, akiwa afisa wa jeshi huko Alaska, baada ya miaka mingi ya ulevi na unyonge wa moyo, na hakukosa watu waliompenda. Wanaotumia kisa cha Mto wa Shaka kuwalaumu walioshindwa kuendelea kuishi wanakitumia vibaya.

Inafaa kukumbukwa pia kwamba Roosevelt hakuwa mgeni wa misafara. Mwaka 1909, mara tu baada ya kutoka madarakani, alishuka Mombasa akiwa na Kermit huyuhuyu na kuingia bara kuwinda na kukusanya vielelezo, akifuatana na wapagazi waliozidi 200, ambao walimwita Bwana Mkubwa na ambao kazi yao aliieleza kwa kirefu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1910. Katika safari ile swali la mzigo halikuweza kujitokeza, kwa sababu mabega yalikuwa mengi na yamelipiwa. Huko Brazili mabega yalikuwa machache, yana njaa na yamejaa vidonda vya wadudu, na kila mtu aliyelazwa ndani ya mtumbwi alihesabika. Vibarua wale 16 hawakuwahi kuulizwa kama wanakubali kuhatarisha maisha yao kwa ajili ya ramani, na adhama yoyote anayopewa kiongozi kwa utayari wake wa kufa inapaswa kupunguzwa kwa kiasi hicho.

Rondon alikuwa mtu wa namna nyingine. Alizaliwa mwaka 1865 Mimoso, jimboni Mato Grosso, katika ukoo wenye asili ya wenyeji wa nchi, akawa yatima angali mdogo, akasomea jeshi, na akakubali mafundisho ya Auguste Comte, mwanafalsafa Mfaransa aliyeanzisha kile alichokiita dini ya ubinadamu, yaani mfumo wa ibada na maadili usio na Mungu, ambamo kitu cha kuheshimiwa ni ubinadamu mzima, waliokufa, walio hai na watakaozaliwa, na wajibu mkuu ni kuishi kwa ajili ya wengine. Mafundisho hayo yalikuwa na nguvu kubwa Brazili, hata maneno ya utaratibu na maendeleo yaliyomo katika bendera ya nchi hiyo yakatokana nayo. Kutokana na imani hiyo Rondon aliwaamuru askari wake wafe ikibidi, lakini wasiue mwenyeji hata mmoja, na mwaka 1910 akawa mkuu wa kwanza wa idara ya serikali ya kuwalinda wenyeji. Amri hiyo ilijaribiwa katika Mto wa Shaka. Msitu ambao ramani ziliuonyesha kuwa mtupu ulikuwa makao ya Wacinta Larga, na tarehe 16 Machi mishale yao ilimuua mbwa wa Rondon aliyekuwa akimtangulia njiani. Rondon hakulipiza, aliacha zawadi mahali pale. Wacinta Larga, walioweza kuwamaliza wasafiri wote katika sehemu yoyote ya maporomoko yale, waliwaacha wapite, hivyo uamuzi wa nani aishi na nani afe haukuwa mikononi mwa waliokuwa mitumbwini peke yao.

Tarehe 3 Aprili kibarua aitwaye Julio, aliyekuwa amekaripiwa kwa kuiba chakula, alimpiga risasi na kumuua msimamizi wake Paixão, akakimbilia msituni. Paixão alizikwa hapohapo, kaburi likawekwa msalaba. Siku chache baadaye, mitumbwi ilipokuwa ikipita, Julio alijitokeza ukingoni akaomba achukuliwe. Kwa Roosevelt jambo lilikuwa wazi: chakula kilikuwa karibu kwisha, na muuaji angehitaji kulishwa na kulindwa usiku na mchana na watu waliokuwa taabani. Rondon aliona kwamba mshitakiwa ni lazima afikishwe mbele ya sheria za Brazili, ambayo katiba yake ya mwaka 1891 ilikuwa imefuta adhabu ya kifo isipokuwa kwa sheria za kijeshi wakati wa vita, na kwa hiyo kumwacha msituni ni kumhukumu adhabu ambayo hakuna hakimu angeweza kuitoa. Siku iliyofuata alisimamisha msafara na kuwatuma watu wawili warudi kumtafuta. Hawakumpata.

Ni katika jambo la Julio kwamba hoja zote zilizotangulia zinapimwa. Akwino huyohuyo aliyekataza kujiua kwa sababu mtu ni sehemu ya jamii aliitumia sababu hiyohiyo kuhalalisha kuuawa kwa mkosaji wa hatari, akisema kwamba kiungo kilichooza hukatwa ili mwili upone. Hivyo hoja ya jamii inaweza kumwokoa Roosevelt na kumwangamiza Julio kwa pumzi moja. Hoja ya fungamano iliyotokana na Kermit haimsaidii Julio pia, kwa kuwa hapakuwa na yeyote mitumbwini aliyefungamana naye kwa ahadi au mapenzi. Katika kitabu chake cha mwaka 1914 Roosevelt aliandika kwamba kuishi au kufa kwa muuaji yule hakukuwa na uzito mbele ya wajibu wa kuwaokoa waliosalia, na katika kitabu hichohicho akaandika kwamba mgonjwa safarini hana haki ya kuwachelewesha wenzake na anapaswa kusonga mbele, hata kwa kutambaa, mpaka aanguke. Kwa maandishi, basi, alijipima kwa mizani aliyompimia Julio, na katika hilo alikuwa mkweli. Kwa vitendo mizani zilikuwa mbili: rais wa zamani alisubiriwa, akapasuliwa jipu, akalazwa ndani ya mtumbwi chini ya turubai, na alifikishwa Manaus tarehe 30 Aprili akiwa amepungua takriban robo ya uzito wake, wakati kibarua alitafutwa kwa siku moja.

Siku hiyo moja ilimkasirisha Roosevelt, na wasimulizi wengi wa Kimarekani wamemfuata katika kuiona kuwa ukaidi wa afisa anayeshikilia kanuni wakati watu wanakufa njaa. Hukumu hiyo si ya haki. Katika safari yote ile, ndicho kituo pekee kilichofanywa kwa ajili ya mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimpenda, aliyekuwa ameiba na kuua, na ambaye kurudi kwake kungeongeza mzigo bila kuleta faida yoyote. Ikiwa uhai ni amana kama wanavyofundisha wanazuoni na mapadri, basi aliyeitenda imani hiyo hadi mwisho wake katika Mto wa Shaka ni kanali asiyemwamini Mungu wao, na wanaoifundisha kutoka mimbarini bado wana deni la kueleza kwa nini wao, katika njaa ileile, wangesimamisha mitumbwi.